Mkuu Asiyesikia la Mdogo

Wahenga wetu wa Pwani walituachia methali ambayo kila mtoto huisikia kabla hajajua kufunga kikoi vizuri: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami, katika miaka yangu ya ualimu, nimeitumia methali hiyo mara zisizohesabika, nikiwa nimesimama mbele ya darasa na chaki mkononi. Lakini leo, msomaji mpenzi, nataka kuigeuza. Je, mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Jawabu la swali hili nililipatia Machakos, na nusura nililipe kwa roho za watu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale. Mwaka 1999 nilihamishwa nikapelekwa kufundisha Kiswahili na historia katika shule moja ya bweni ya wavulana, wilayani Machakos. Sitaitaja jina, kwani waliokuwamo wako hai na wana heshima zao. Baadhi ya jamaa zangu waliniuliza nitaishije huko bara, nikawajibu kwamba Machakos si ugenini kwetu. Tangu zama za misafara Wakamba waliteremka na pembe hadi Mombasa, na wazee wetu wakapanda Ukambani na shanga na nguo. Kabla Nairobi haijawa mji, Machakos, uliochukua jina lake kwa Mzee Masaku, ulikuwa tayari kituo cha Kampuni ya Kiingereza. Nilikuta watu wapole, milima ya Iveti ikiwa kijani baada ya mvua, na msikiti mjini nilikosali Ijumaa zangu bila kujihisi mgeni.

KYANGULI

Ndipo ukaja usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Machi, mwaka 2001. Katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ile ile tuliyokuwamo, mtu alimwaga petroli katika bweni la wavulana waliolala na kuliwasha moto. Vijana 67 walikufa. Bweni lilikuwa limejaa kupita kiasi, madirisha yalikuwa na vyuma, na kati ya milango miwili mmoja ulikuwa umefungwa. Wengi wa marehemu hawakuweza kutambulika, wakazikwa pamoja katika uwanja wa shule yao. Leo shule hiyo inaitwa Kyanguli Memorial.

Nilikwenda kuhani pamoja na walimu wenzangu. Sitaeleza niliyoyaona. Nitasema tu kwamba kulikuwa na akina mama wa Kikamba waliokaa chini, hawalii tena, wameshika viatu vya shule mikononi.

Watu wa Pwani hatukuwa na haki ya kushangaa. Miaka mitatu kabla, katika mwezi huo huo wa Machi, mwaka 1998, wasichana 26 waliteketea katika bweni la sekondari ya Bombolulu, huku kwetu Kwale. Huko nako madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango ulikuwa umefungwa. Tulilia, tukaomba dua, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Kati ya Bombolulu na Kyanguli zilipita siku zaidi ya elfu moja, nazo zilitosha kabisa kwa fundi mwenye tindo na nyundo kuzunguka nchi nzima akitoa vyuma madirishani. Havikutolewa.

Baada ya Kyanguli vijana wawili walishtakiwa kwa mauaji, na kesi ile haikufikia hukumu ya hatia. Ilichukua hadi mwaka 2016, yaani miaka kumi na mitano, ndipo Mahakama Kuu ikaamua kwamba wazazi walipwe fidia kwa uzembe uliofanyika. Hapana shaka aliyewasha kiberiti ana dhambi yake. Lakini aliyefunga mlango naye? Na aliyesikia manung'uniko ya wanafunzi, ambao walikuwa na uchungu wa matokeo ya mtihani yaliyofutwa, akadhani ni kelele za watoto tu? Maswali haya yalinikaa moyoni. Nilijiona mimi ni katika watu wenye kusikia. Kumbe sivyo.

MNONG'ONO

Ilikuwa Novemba mwaka 2002, kumi la kwanza la Ramadhani. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza habari za uchaguzi, na wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wakifanya mtihani wao wa mwisho. Shuleni kwetu tulikuwa na wanafunzi Waislamu kama kumi hivi, wengi wao watoto wa Pwani. Nilikuwa nimewaombea ruhusa watumie stoo ndogo kando ya jiko la shule, wapashe chakula chao cha daku kwa zamu.

Siku ya Jumatatu, baada ya alasiri, kijana mmoja wa kidato cha pili alikuja mezani kwangu nilipokuwa nikisahihisha insha. Hakuwa mwanafunzi mwerevu wala mtundu; alikuwa katika wale ambao mwalimu huwasahau majina. Alisimama akichezea kifungo cha shati, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, watu wanasema bweni la juu halitalala vizuri wiki hii."

Nilimwuliza ni watu gani. Akanyamaza. Mimi nilikuwa na njaa ya saumu, na daftari arubaini zilikuwa zikiningoja. Nilimwambia, "Wewe nenda kasome, achana na maneno ya watu." Akaenda zake.

Naliandika jambo hili hadharani kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ni mwaka mmoja na miezi minane tu tangu Kyanguli. Nilikuwa nimeviona vile viatu. Na bado mtoto alinijia na neno, nikamfukuza kwa upole, na upole huo ndio uliokuwa ubaya wenyewe, kwa kuwa ulinifanya nijione sikukosa.

Jumatano usiku, saa nane na ushei, mlango wa nyumba yangu uligongwa. Alikuwa ni yule yule, pekupeku, anatetemeka. Safari hii hakuzunguka. "Mwalimu, wameleta petroli. Iko kwa jerikeni."

MWALIMU MKUU NA UFUNGUO

Nilikimbia hadi nyumbani kwa mwalimu mkuu. Alikuwa mzee wa Kikamba aliyekaribia kustaafu, mtu wa maneno machache, ambaye wengine walimwona mzito. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Aliuliza swali moja tu: "Mlango wa nyuma wa bweni umefungwa?" Nikasema sijui. Akachukua ufunguo ukutani, akatoka bila kuvaa koti.

Nataka msomaji aangalie mambo aliyoyafanya mzee huyu, kwani ndiyo yaliyonifunza maana ya busara.

Kwanza, aliifungua milango yote miwili ya bweni, akasimama mwenyewe kwenye mmoja na kunisimamisha mimi kwenye wa pili. Kabla ya kumtafuta mkosaji alihakikisha kwamba kila mtoto ana njia ya kutokea.

Pili, hakupiga kengele. Naibu wake, aliyekuwa amefika mbio, alitaka kengele ipigwe. Mzee alimwambia, "Kengele saa hizi itamwambia mwenye kiberiti kwamba wakati wake umefika." Akaingia na tochi, kitanda kwa kitanda, akimgusa kila kijana bega: chukua blanketi, nenda uwanjani, tunaita majina. Katika dakika chache bweni lilikuwa tupu, na vijana mia moja na zaidi wamekaa kwenye nyasi, wamejifunika, nusu yao bado wamelala.

Tatu, hakuniuliza ni nani aliyeniletea habari. Hakuuliza usiku ule, wala kesho yake, wala hadi alipostaafu.

Nne, alipiga simu stesheni ya polisi, na maneno yake niliyasikia: "Njooni watu wachache. Msije na lori. Hapa ni kwa watoto."

MTOTO WA KWALE

Tulipoita majina, mmoja alikosekana. Kabla hatujajua la kufanya, mlinzi wa usiku alitokea gizani akimburuta kijana kwa ukosi. Alimkuta karibu na tangi la maji, akiwa na kiberiti mfukoni na kichupa cha plastiki kinachonuka mafuta.

Moyo wangu ulianguka. Alikuwa ni mmoja wa watoto wangu wa daku, kijana wa Kwale, mpole, hafidhi wa juzuu kadhaa. Naibu alipaaza sauti, "Ndiye huyu! Kibiriti na mafuta, mnataka nini tena? Atiwe pingu!" Uwanjani minong'ono ilianza, na sote twajua minong'ono ya namna hiyo hutafuta nini. Kijana ni mgeni, dini yake ni nyingine, ameshikwa usiku. Yeye mwenyewe, kwa hofu, hakuweza kutoa hata neno moja. Mtu mwenye haraka angesema kimya chake ni ushahidi.

Sitaki kumlaumu naibu kupita kiasi. Naye alikuwa na watoto mia moja wa kuwalinda, na Kyanguli haikuwa mbali. Hofu humfanya mtu ashike kilicho karibu.

Polisi walifika saa tisa u nusu: inspekta mmoja kijana na askari wawili, gari wameliacha getini. Inspekta alimsalimu mwalimu mkuu kwanza, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Kisha akamwambia mlinzi aachie ukosi wa yule mtoto. Akamwomba amwonyeshe hasa mahali alipomkuta. Akakifungua kichupa, akakinusa. Akavinusa viganja vya kijana.

"Haya ni mafuta ya taa," akasema. "Tuliitwa kwa petroli." Kisha akamgeukia kijana. "Mwanangu, ulikuwa ukifanya nini?"

Kijana akanitazama mimi. Nilifungua kinywa, inspekta akaniinulia mkono. "Ngoja kidogo, mwalimu. Wacha aseme mwenyewe."

"Nilikuwa napasha daku, afande," akasema hatimaye. "Zamu yangu. Mafuta yaliishia kwa stovu. Nilikwenda kuchota maji pia."

Inspekta hakusema anaamini, wala hakusema haamini. Alikwenda mwenyewe hadi stoo. Nilimfuata. Stovu ilikuwa ingali na joto. Juu yake palikuwa na sufuria ya wali wa jana na maharagwe, na pembeni sahani tisa za plastiki zimepangwa. Aliigusa stovu, akazihesabu sahani, akatikisa kichwa.

Tuliporudi uwanjani alifanya jambo ambalo sijaliona kwa askari mwingine. Alimshika yule kijana bega, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Kijana huyu hana kosa. Alikuwa akiwapashia wenzake chakula cha kufungia saumu. Nasema mbele yenu kwa sababu mbele yenu ndipo aliposhikwa." Akatazama saa yake, akaniambia, "Mwalimu, wapeleke wakale, usiku unakwisha."

Walikula daku ile wakiwa wanatetemeka, lakini walikula kabla ya adhana.

YALIYOFUATA

Jerikeni ilipatikana alfajiri, imefichwa chini ya mbao nyuma ya karakana ya useremala. Lita tano za petroli. Sipendi kufikiri sana juu ya lita hizo tano.

Asubuhi mwalimu mkuu hakuifunga shule wala hakuwapanga vijana mstari wapigwe. Fimbo ilikuwa imepigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001, ingawa kuna waliojifanya hawajasikia. Alikaa na kila darasa mbalimbali, na hakuanza kwa kuuliza "nani?" Aliuliza, "Ni nini kinachowauma?" Yakatoka mambo matatu. Muthokoi ya chakula cha usiku ilikuwa na wadudu. Kulikuwa na pesa za safari zilizolipwa na safari haikufanyika. Na wale ambao wazazi wao hawajamaliza karo walikuwa wakisomwa majina mbele ya gwaride la asubuhi.

Mzee aliyapima. Mbele ya shule nzima alisema kwamba jambo la kwanza na la tatu ni kweli na ni aibu, nayo yatakoma siku hiyo hiyo. La pili alitoa hesabu, akaonyesha kwamba pesa zipo na safari iliahirishwa. Kisha akaongeza maneno ambayo hadi leo nayakumbuka: "Lakini hakuna atakayesamehewa petroli kwa sababu ya muthokoi."

Kufikia jioni vijana watatu wa kidato cha tatu walikuwa wamejulikana. Mmoja wao alijileta mwenyewe. Inspekta hakuwatia pingu mbele ya wenzao. Aliwaita wazazi, akaandika maelezo ya kila kijana mzazi wake akiwa ameketi kando yake, na hakuwalaza pamoja na wahalifu wakubwa. Walifikishwa mbele ya mahakama ya watoto, wakawekwa chini ya uangalizi. Mmoja alimaliza masomo katika shule nyingine, na leo ni fundi wa umeme mjini Machakos. Akiniona hunisalimu kwa mikono miwili. Mmoja hakurudi shule tena. Naibu hadi tulipoachana alishikilia kwamba watatu wale walipata adhabu nyepesi, na simwiti mjinga. Labda wewe msomaji nawe waona hivyo. Mimi nasema kwamba sheria iliwafikia, nayo haikuwavunja.

SHERIA IPO

Tangu siku zile mengi yameandikwa. Mwaka 2008 serikali ilitoa mwongozo wa usalama wa shule. Bweni liwe na mlango kila mwisho, milango ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, na madirisha yasiwe na vyuma. Katiba ya mwaka 2010 inasema mtoto asizuiliwe ila pale ambapo hapana njia nyingine, tena kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeongeza njia za kumrekebisha mtoto bila kumpeleka mahakamani.

Na bado, mwezi Septemba mwaka 2024, wavulana 21 waliteketea katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Karatasi peke yake haifungui mlango, na palipo na mlango lazima awepo mtu anayeujali.

Wakubwa wengine wamechagua njia ya vitisho. Mwaka 2021 idara ya upelelezi wa jinai ilitangaza kwamba mwanafunzi atakayepatikana na makosa ya kuchoma shule yataandikwa katika cheti chake cha tabia njema, ambacho waajiri wengi hukidai. Sikatai kwamba kijana yafaa ajue uzito wa moto. Lakini mtaalamu mmoja, Elizabeth Cooper, aliyezungumza na wanafunzi wa Kenya na kuandika juu yao mwaka 2014, alieleza kwamba wengi wao wamejifunza jambo moja la kusikitisha: kwamba wakubwa hawasikii mpaka waone moshi. Ikiwa hilo ndilo somo tulilowafundisha, basi cheti hakitalifuta. Litafutwa na mkuu atakayesikia kabla ya moshi.

Nawaomba wazazi wenzangu wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na kwingineko, ambao watoto wetu wako katika mabweni ya bara na ya huku nyumbani, wasikilize hili. Busara ya mwalimu mkuu na ya askari huonekana siku ya msiba, lakini haianzi siku hiyo. Huanzia katika ufunguo ulioko mahali panapojulikana, na katika mtoto asiye na jina ambaye ana hakika kwamba akinong'ona, hatafukuzwa wala hatatajwa.

Yule kijana wa kidato cha pili alimaliza shule mwaka 2004. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Nilitaka kumwomba radhi kwa ile Jumatatu, nikaona haya, nikampa mkono tu. Alisema, "Shukrani, mwalimu, kwa kufungua mlango ule usiku." Hakuitaja Jumatatu. Mimi naikumbuka.

Basi siku ya kumtembelea mwanao itakapofika, kabla hujamfungulia kikapu cha mahamri, lizunguke bweni lake. Hesabu milango. Tazama kama madirisha yana vyuma. Uliza ufunguo unakaa kwa nani, na mwenyewe hulala wapi. Wakikwambia hilo si jambo la mzazi, rudi uliulize tena. Halafu keti na mwanao, mpe hamri lake, nawe unyamaze kidogo umsikilize.